Final Fantasy X: watatu wangu wana nguvu lakini Seymour anawamaliza pale Gagazet. Nakosea wapi?

DogoMazimbu:

Wakuu habari za jioni.

Nacheza gemu ya Final Fantasy X, ile iliyosafishwa upya, kwenye laptop ya mtumba ambayo feni yake inalia kama pikipiki inayopanda mlima na gunia la mkaa. Niko mlima Gagazet, kaunta inasoma saa 41. Leo siku ya nne nimekwama kwa adui Seymour. Huyu wa safari hii anaitwa Seymour Flux, damu yake 70,000, na nyuma yake kuna dude kubwa linaitwa Mortiorchis ambalo nalo lina zamu yake.

Timu yangu tangu mwanzo ni Tidus, Auron na Yuna. Hao ndio nimewakuza. Wakka namtoa benchi nikikutana na ndege, Lulu nikikutana na yale madude ya ute, halafu wanarudi kukaa. Rikku namtumia kuiba. Kimahri ndiyo kabisa, sijamgusa, levo zake za Sphere Grid (ile ramani ya kuwakuzia watu nguvu) zimelundikana tu. Mimi kila gemu nimezoea hivyo: chagua wachache, wajenge, wengine wasindikizaji. Na Auron wangu anapiga kweli, akishusha upanga ni elfu tatu na ushee.

Sasa tatizo. Seymour anamchoma mtu mkuki, mtu anageuka zombi. Kabla sijakaa sawa lile dude linamtupia Full-Life, anakufa. Full-Life si ya kufufua jamani? Jana Yuna alibaki na Tidus, Tidus zombi, damu imeisha, nikaona nimtibu haraka na Cura. Nikamuua mwenyewe kwa mkono wangu. Kaka yangu alikuwa nyuma yangu anakula mahindi, alicheka mpaka akapaliwa.

Halafu kuna jambo jingine lisilohusu vita sana. Huyo huyo kaka ananisema eti nacheza gemu ya mtu anayelialia. Anasema Tidus tangu dakika ya kwanza analalamika, hajui kitu, analilia baba yake. Mimi nampenda huyu mtu ila nikitaka kumtetea nakosa maneno. Kuna mtu anayeweza kunieleza amekua wapi?

Na mwisho: ikiwa Kimahri wangu ni dhaifu kiasi hicho, aliwapigaje Biran na Yenke, wale wawili wa kabila lake, peke yake?

Nawasilisha.

Mla_Mikate:

Dogo jibu ni fupi. Shuka kwenye uwanda wa Calm Lands, piga wanyama saa sita, rudi. Uko kwenye kompyuta, toleo hilo lina kitufe cha kuongeza kasi mara nne, kwa hiyo saa sita ni saa moja na nusu. Auron akifika elfu sita kwa pigo hakuna wa kukusumbua. Gemu za Kijapani zote dawa yake ni moja, levo.

Fundi_Ngamiani:

Dogo, kabla hujashuka Calm Lands kuteketeza wikiendi, hebu tazama pembe ya juu kulia ya skrini yako. Ile safu ya nyuso ndogo. Umeshawahi kuisoma kwa makini? Naona watu wengi wanamaliza gemu nzima wakiitazama kama saa ya ukutani. Hapo ndipo unapigwa, kwenye ile safu. Kwenye nguvu hupigwi popote.

Mimi ni fundi wa redio na tivii hapa Tanga, nilishatengeneza PlayStation 2 nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, karibu zote lenzi. Mwaka mmoja mteja aliniachia mashine, nikabadilisha lenzi, hakurudi. Miezi ikapita. Ndani mlikuwa na diski ya hii gemu. Nikawa nafunga kibanda saa mbili usiku, nacheza mpaka saa sita, nasevu kwenye memori kadi ya megabaiti 8 ambayo nusu ilikuwa imejaa ligi za Winning Eleven za vijana wa mtaani. Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma maandishi ya nyuma ya kapasita. Kwa hiyo nilijifunza gemu kwa kutazama, na nilichokitazama kuliko chote ni ile safu.

Gemu za nyuma za hao jamaa, kuanzia ya nne hadi ya tisa, muda ulikuwa unatembea wakati wewe unapekua menyu. Ukichelewa kuchagua, adui anapiga. Hii ya kumi ilipotoka Japani mwaka 2001, Toshiro Tsuchida aliyesimamia upande wa mapigano aliiondoa ile saa. Zamu yako ikifika dunia inasimama mpaka uamue. Mimi nimeshawahi kumwacha Auron amesimama na upanga begani nikamhudumia mama mwenye redio ya mkulima, nikarudi, Auron yuko vile vile. Watu wakaona ni gemu ya polepole. Si polepole. Ni foleni ya maji bombani.

Kila mtu akishachota anarudi nyuma ya foleni, lakini umbali anaorudi unategemea alichochota. Ukitumia dawa umechota kopo, unarudi karibu. Ukishambulia ni ndoo. Kuna mapigo makubwa ni pipa, ukishachota umewapisha wenzako na adui pia. Na jambo ambalo gemu inakufanyia kwa hisani: ukiweka mshale juu ya tendo, kabla hujabonyeza, ile safu inajipanga upya kukuonyesha utaangukia wapi. Jaribu na Quick Hit ya Tidus. Weka mshale kwenye Attack, tazama uso wake uko wa ngapi. Shusha mshale kwenye Quick Hit, utauona uso unapanda. Hujatumia chochote bado. Umeuliza tu.

Sasa mwendo wa kila mtu kwenye foleni unatoka kwenye Agility, namba yake ya wepesi, na hapa wengi wanapoteza nguvu zao. Haiongezeki kidogo kidogo. Ni ngazi. Kutoka 44 hadi 61 ni ngazi moja. 62 hadi 97 ngazi nyingine. Halafu 98, halafu 170, na hapo ndipo mwisho. Kwa hiyo kama Tidus wako ana 60, kale kanodi kamoja kadogo unakokapuuza ndiko kanamvusha. Lakini ukiwa na 63 ukahangaika mpaka 95, kwenye foleni hujasogea hata hatua.

Haya, Seymour. Mkuki wake unampa mtu uzombi. Zombi kwenye gemu hii ni mfu anayetembea, kwa hiyo kila kinachomponya mzima kinamuumiza yeye. Full-Life kwa aliyeanguka ni uhai kamili, kwa zombi ni kifo kamili. Ndiyo maana hata Cura yako ilimuua Tidus, na mshukuru Mungu hukumrushia Phoenix Down ya kufufulia kwa sababu matokeo ni yale yale. Hapo hakuna hitilafu, jamaa wamekuwekea mtego wa watu wawili: mmoja anafunga, mwingine anamaliza. Na mtego wa watu wawili una mwanya katikati yao. Mwanya huo unauona wapi? Pembe ya juu kulia. Uso wa Seymour, halafu uso wa Mortiorchis. Ukifanikiwa kupenyeza uso wako mmoja hapo kati, mmoja tu, ukiwa na Holy Water, ile chupa ya kuondoa uzombi, mtego umeharibika. Haste ya Tidus, ule uchawi wa kuharakisha zamu, ndiyo inayopenyeza. Upanga wa Auron hata ukipiga elfu ishirini haupenyezi kitu.

Na hiyo Holy Water anaitumia nani? Yeyote. Kimahri! Chupa haiulizi misuli ya anayeimwaga. Kimahri wako wa benchi akimwaga Holy Water inafanya kazi sawasawa na ya Yuna. Wewe ulikuwa na watu saba, ukaenda vitani na watatu, na kumbuka kumbadilisha mtu katikati ya pambano hakuli zamu. Anayeingia anafanya kazi pale pale. Hakuna gharama. Sijui kwa nini watu wanaogopa kitufe kile.

Tena afadhali nikuambie na hili la levo. Wale AP, yaani alama za kupandia levo, mnaopata baada ya pambano hawagawanywi. Si kama posho ya kibarua kwamba mkiwa saba kila mtu anapata kidogo. Wakiingia watatu, kila mmoja anapata zote. Wakiingia saba wakagusa kitu, hata kama mtu amejikinga tu, kila mmoja anapata zote zile zile. Anayekosa ni aliyekuwa amekufa pambano linapoisha, aliyegeuka jiwe, na aliyekaa benchi. Kwa saa 41 umewanyima watu wanne chakula ambacho kilikuwa kinamwagwa.

Mimi nilifanya kosa la upande wa pili, nikuchekeshe. Ile diski yangu ilikuwa ya Ulaya, nayo mwanzoni inakuuliza unataka Sphere Grid ya aina gani, ya kawaida au ya wajuzi. Sikuelewa swali, nikabonyeza ya chini. Ya wajuzi! Kwenye ile, wote saba wanaanzia sehemu moja katikati na unawapeleka unakotaka. Nikamwona Tidus anakimbia vizuri, nikasema basi wote wafuate njia ya Tidus. Lulu, Wakka, Yuna, wote. Nilipofika kwako hapo Gagazet nilikuwa na Tidus saba. Wana mbio, wana nguvu ya wastani, hakuna mwenye uchawi wa kutisha, hakuna mwenye tiba kubwa. Lulu wangu alikuwa anawapiga yale madude ya ute kwa kile kidoli chake mkononi, yanachukua pigo kama godoro. Nilianza upya gemu nzima. Nilikaa siku mbili sijaigusa mashine kwa hasira, halafu nikaanza upya.

Kuhusu Kimahri na wale wawili: Biran na Yenke wanapimwa kwa Kimahri mwenyewe. Gemu inaangalia Kimahri wako yukoje, inawatengeneza wao kulingana naye. Ukimleta mnyonge, nao wanyonge. Kwa hiyo hukushinda kwa ujanja, pole. Lakini natumaini uliwapiga Lancet kabla hujawamaliza, maana wale wana mbinu nzuri za kunyonya. Mighty Guard inatoka kwao.

Mambo mawili zaidi kwa Seymour halafu nifunge duka. Kwanza, wale viumbe ambao Yuna anawaita vitani. Atawafukuza, ndiyo, lakini anayeitwa anapata zamu moja kabla ya kufukuzwa. Nenda pambano dogo kabla, wajaze wote Overdrive, lile pigo lao kubwa: Valefor, Ifrit, Ixion, Shiva, Bahamut. Halafu kwa Seymour waite mmoja mmoja, kila mtu ngumi moja, kwaheri. Pili, ukiona Mortiorchis inatangaza inajiandaa kuangamiza, acha kila kitu, jaza damu ya kila mtu kabla haijaja. Hapo usiwe na tamaa ya kupiga.

Kuna deraya zenye kinga ya uzombi. Kama unayo, mvalishe mtu kwa pambano hili. Ila usiizoee. Sitasema zaidi.

Na wewe uliyebuni Overdrive ya Lulu popote ulipo Japani: kuzungusha kijiti cha kulia cha pedi kwa kasi ile ni kosa la jinai. Nimebadilisha vijiti vinne vya pedi yangu mwenyewe. Ningekuwa mteja wangu ningejitajirisha.

Mla_Mikate:

Fundi maelezo marefu kama hati ya shamba. Mimi nilimpiga Seymour Flux kwa levo tu, sikuangalia safu yoyote.

Fundi_Ngamiani:

Na ulitumia saa ngapi?

Mla_Mikate:

Tuachane na hayo.

BintiMvita:

Fundi nimecheka na hao Tidus saba, wallahi. Nami niache vita, nijibu lile swali la pili, maana naona hapa wanaume wamekimbilia upanga.

DogoMazimbu, mwambie kaka yako hivi. Tidus hakuzaliwa katika ile nchi. Katoka Zanarkand yake ya taa na mpira wa majini, kaangukia Spira ambako kila mtoto ashajua Sin, lile dude linaloangamiza nchi, ni nini, ashajua msafara wa Yuna waenda wapi na waishia vipi. Yeye pekee hajui. Kwa hiyo kelele zake zote za mwanzo, "twende tukampige Sin, halafu Yuna tutafanya hivi, tutaenda kule," wenzake wanazisikia na wananyamaza. Ukirudia gemu mara ya pili, tazama nyuso zao. Tazama Lulu anavyogeuka. Wewe ushapita Home, makao ya kabila la Wa-Al Bhed, ushajua ile siri kwamba msafara ukifaulu Yuna hatarudi. Basi nikuulize: baada ya pale, umemsikia tena Tidus akilalamika kuhusu baba yake kama mwanzo? Pale anajilaumu yeye. Anakumbuka kila alichomwambia Yuna kwa furaha, na sasa kila neno lamrudia na maana nyingine. Huko ndiko kukua, na hakuna aliyempa hotuba.

Na ile cheko ya Tidus kule mjini Luca. Kila mtu mtandaoni anaitumia kumcheka, eti mwigizaji wa sauti hakujua kucheka. Ati ile ni cheko mbaya, na ni lazima iwe mbaya! Yuna anamwambia ajaribu kutabasamu hata kama ana huzuni, yeye anajilazimisha, inatoka cheko ya mtu anayejilazimisha, Yuna naye ajiunga, wenzao wanawatazama kama wana wazimu. Mimi nilipoona mara ya kwanza niliona haya kwa niaba yao. Mara ya pili, nikijua anachokijua Yuna na asichokijua Tidus, sikuweza kuitazama mpaka mwisho. Msichana anayejua anakwenda kufa ndiye anayemfundisha mwingine kutabasamu.

Lakini kama ni kukua, wangu mimi ni Wakka, na hapa ntarudi kidogo kwenye vita yenu. Wakka alimpa ndugu yake Chappu upanga aende nao kupigana. Chappu akauacha, akaenda na silaha ya mashine ya Wa-Al Bhed, akafa. Upanga ule ule ndio aliompa Tidus kule Besaid. Chuki yake kwa Wa-Al Bhed yote imejengwa juu ya kifo hicho, ijapokuwa aliyemuua Chappu ni Sin. Halafu ikaja kujulikana kwamba Rikku ni wao. Wakka akamkatia, hataki kusemezana naye.

Sasa nilikuwa nacheza hapo, na adui wangu alikuwa mashine. Rikku huziiba mashine kipuri zikavunjika papo hapo, mwajua. Zamu ya Wakka ikafika. Nikabonyeza kumtoa Wakka, nikamwingiza Rikku. Kwenye hadithi hawa wawili hawasemezani. Kwenye pambano mmoja ametoka ampishe mwenzake. Nilikaa nikaitazama skrini. Sidhani waliotengeneza walipanga lile lionekane hivyo saa ile, lakini mimi ndivyo nilivyoliona, na kila nilipowabadilisha wale wawili baada ya hapo nilikuwa nawaangalia kama watu wa nyumba moja walionuniana na bado wanapeana sahani.

Ndipo ukiwaacha wanne benchi, Dogo, wakosa na hilo pia.

Na pambano la kwanza la Seymour, lile la hekaluni Macalania, uliwaambia wazungumze naye? Kulikuwa na amri ya kuzungumza. Tidus akimsemeza, nguvu zake zapanda. Yuna akimsemeza, kinga yake ya uchawi yapanda. Neno la mtu limegeuka namba. Nalipenda sana jambo lile, sijui kwa nini watu hawalisemi.

Fundi_Ngamiani:

Dada umenirudisha. Hilo la Wakka na Rikku sikuwahi kuliona, na nimemaliza hii gemu mara tano. Mimi nilikuwa naona foleni tu.

DogoMazimbu:

Shikamoo Fundi, shikamoo Dada Binti. Nimerudi na ripoti.

Jioni ya jana nilianza na kuwatoa watu benchi. Sikushuka Calm Lands, nilizunguka hapo hapo juu ya theluji. Kila pambano wote saba, hata kama ni kujikinga. Kimahri alikuwa na levo 38 hazijatumika. Thelathini na nane! Nilikaa nusu saa nzima namtembeza kwenye Sphere Grid kama mtu anayelipa madeni. Njia yake mwenyewe imekaa katikati na ni fupi, ikaisha upesi, nikamfungulia kufuli nikamwingiza eneo la Rikku. Tidus alikuwa na Agility 61, Fundi. Sitanii. Nodi moja.

Pambano la kwanza na Seymour nikafa, lakini nikafa nikijua nimekufia wapi. Nilimpa Haste Auron kwanza kwa mazoea. Nikaona kwenye safu Seymour na dude lake wamefuatana, katikati hamna mtu. Basi nikajua huyu anayechomwa kaondoka. Akaondoka kweli.

La pili nilimpa Haste Yuna na Kimahri. Tidus akachomwa mkuki. Nikatazama juu kulia: Seymour, Kimahri, Mortiorchis. Uso wa bluu katikati yao! Nilipiga kelele, kaka akaja mbio akidhani laptop imelipuka. Kimahri akamwaga chupa, Full-Life ikaja, Tidus bado amesimama. Yaani dude limeshindwa kumuua Tidus wangu. Tukacheka wote wawili. Nikafa baadaye kwenye lile pigo la maangamizi kwa sababu nilitaka kupiga mara moja zaidi, kama ulivyonikataza.

La tatu nimemaliza. Viumbe wote watano kila mtu ngumi yake, na pigo la mwisho alilitoa Wakka, ambaye sikumbuki hata aliingiaje. Auron alikuwa chini amekufa. Holy Water nilianza nazo tisa, nimebaki na moja.

Dada, kaka yangu nimemsomea ulichoandika kuhusu cheko ya Luca. Hakusema kitu. Usiku nimemkuta anaitafuta ile sehemu kwenye simu.

Sasa nina swali jingine na naomba msinicheke. Nimefika Zanarkand, niko kwa adui Yunalesca, mwenye maumbo matatu. Umbo la kwanza nilikuwa najibiwa kila nikipiga lakini nikalimaliza. Umbo la pili akatugeuza wote zombi kwa mpigo mmoja. Nikasema hili nalijua. Njiani nilikuwa nimepata Holy Water mbili nyingine, nikazitumia kwa wawili, na ile Holy Water ya mwisho nikaitumia kwa wa tatu, nikamwingiza Auron akala mkuki, sorry, akala uzombi naye, na sikuwa na chupa ya kumtolea. Nikasema akae hivyo hivyo. Akafika umbo la tatu, kichwa kikubwa kile cha nywele, akafanya kitu kimoja tu, na wote wakaanguka papo hapo wakiwa na damu kamili. Wote isipokuwa Auron. Amesimama peke yake. Seymour wangu wa juzi alikuwa na nafuu, huyu mama bado ana 60,000. Nimesitisha hapo hapo, laptop iko wazi mezani, zamu ni ya Auron.

Kwa nini yeye hakufa? Damu yake ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko wote.

Mla_Mikate:

Levo.

BintiMvita:

Nyamaza wewe. Dogo, soma tena swali lako polepole, pale uliposema sikuwa na chupa.

DogoMazimbu:

Subirini.

Subirini subirini. Yaani kule nilikuwa nautoa, na huku…

Fundi_Ngamiani:

Ile deraya ya kinga ya uzombi, mvue aliyeivaa. Rudi ulikosevu, Auron peke yake hapo hatoki.